Chaki ya Miritini

Pini nimeipangusa, chumvi imeikalia,
Mtungi nikatikisa, unga haukusikia,
Umeshikana kabisa, unyevu umeingia,
Tayabali kanijia: «Mama, vipi, nichelewe?

«Kilo mbili ni uzito, gari hili halitaki,
Sijaona hapa moto, kwangu mimi haufiki,
Mama, huu si utoto, nusu sekunde ni laki,
Nichoree yangu chaki, wenzangu wamejipanga.»

Chaki yangu mfukoni, nikaiacha ilale,
Nilikuwa mitamboni, Changamwe, zamani zile,
Najua moto ni nini, huja bila hodi yule,
Nikasema: «Duka lile, Jomvu, wauza mizima.»

Alikwenda akinuna, akarudi ana jasho,
Mtungi mwekundu sana, risiti kama kitisho,
Mshale nikauona, kijani, mbali na mwisho,
Nikampa idhinisho: chaki, juu ya mlango.

Nyamawi ana blangeti, Chengo kisu cha mikanda,
Tumejifunza kwa kiti, gunia ndiye mpanda,
Sitegemei bahati, bahati hupenda kwenda,
Bendera haijapanda, nikasikia kelele.

Si njiani, si garini, ni kwa Kadzo wa viazi,
Mpira wa gesi chini, umechomoka, u wazi,
Ulimi wa zafarani, wafuata wanunuzi,
Mmoja, pasi ujuzi, ndoo ya maji mbioni.

«Usimwage!» nikalia. «Mafuta hayo, hatari!»
Nyamawi akakimbia, umbali ulikithiri,
Tayabali karukia, nje ya dirisha la gari,
Mtungi wake tayari, pini keshaichomoa.

Upepo kaupa nyuma, akalenga pale chini,
Shinani, unapouma, si ncha zake hewani,
Unga ukatoka mwema, kama wa maandazini,
Kadzo, leso mkononi, kaifunga ile koki.

Akarejea mstari, kama shujaa wa vita,
Nikachungulia gari, mshale chini wasota,
Chaki, bila kughairi, kwa kiganja nikafuta,
Akacheka, akatweta: «Mama, kweli huna ndugu!»

Mbio zikaenda zao, yeye kwa Kadzo kakaa,
Ubao ndio kikao, ukwaju ukamfaa,
Nyusi za unga, na hao, watoto wamshangaa,
Nikahesabu vifaa, mmoja umepungua.

Jumatatu, duka lile, nikamkuta mapema,
Akibishana kelele, bei ishuke, wagoma,
«Mmoja gari, na ule, ni wa Kadzo,» akasema,
Nikainama kupima: pini, mshale, na unga.