Kifuta Jasho

Kalamu ya ofisi imefungwa uzi mezani
kama mbuzi, isije ikatoroka na mkulima.
Jina: Kalunde Mpagama. Wilaya: Sikonge.
Zao: muhogo, karanga, na viazi
ambavyo michembe yake nilikwisha kumwahidi shangazi wa Ipuli.

Idadi ya wanyama wavamizi.
Hapo nikainua kalamu.

Nitawahesabuje, bwana? Huja mwezi ukishazama,
weusi ndani ya weusi,
na mimi niko juu ya dungu na debe bovu na kipande cha nondo.
Nawajua kwa masikio:
kwanza nyenje wananyamaza,
kisha kikohozi kizito kwenye mitundu,
kisha muhogo unakatika, kach,
sauti ileile niitoayo mimi jikoni.
Mmoja huguna, wengine wakaitika.
Andika: ukoo.

Tulichoma pilipili na mavi ya ng'ombe;
moshi ukageukia nyumbani, watoto wakapiga chafya hadi asubuhi.
Tulitundika shati la marehemu baba mkwe;
usiku wa tatu walilala chini ya mikono yake.
Tulichimba handaki; mvua ya Januari ikalijaza,
wakaoga.
Nkwabi akatega waya wa breki ya baiskeli,
alfajiri ukawa umemnasa Sijali, mbwa wetu.
Niliulegeza kwa kisu na meno.
Anachechemea hata leo, na akisikia mguno usiku
hautazami msitu, hunitazama mimi.

Juni tukafanya msako. Kwa kibali, bwana, muhuri ninao.
Mikuki, mbwa wa kuazima,
na bunduki moja ya wilaya yenye risasi tatu,
mbili zikaua kichuguu.
Lilianguka dume moja, na hapo ukaanza ubishi mwingine:
nani atalishika?
Maalimu Kitungulu, ambaye mkuki wa mwisho ulikuwa wake,
alikwenda kisimani akanawa mara saba, moja kwa udongo.
Wanakwaya wa Moravian walikuja na masufuria
wakipita nyuma ya nyumba yake, kwa adabu.
Kijiji kizima kilinukia usiku ule,
na hakuna aliyesema kinanukia nini.
Asubuhi, shambani kwa Maalimu,
matuta kumi na tisa yalikuwa yamepinduliwa.

Wavamizi. Neno nimelikuta kwenye fomu, si langu.
Bibi alinionyesha njia yao nikiwa mdogo,
ufito mwembamba wa vumbi katikati ya miombo, ukishuka mbugani,
na baba, siku alipofyeka ekari yake ya kwanza ya tumbaku,
aliikata njia ile katikati
bila kutazama chini.
Siwatetei. Nina watoto wanne na ghala linaloitika ukiliita.
Ningewaona wote wamebanikwa, ningepuliza moto mwenyewe.
Nimeandika tu kwa sababu mmeacha nafasi:
Maelezo mengine, kama yapo.

Karani akasoma. Akageuza karatasi, nyuma kulikuwa kweupe.
Akaigeuza tena.
Ni kijana mpole, kola yake imepigwa pasi.
"Mama, angekuwa tembo, sawa. Angekuwa kiboko.
Nguruwe hayumo kwenye orodha."

Hayumo.
Nikamwuliza kama orodha hiyo naweza kupewa nakala,
niitundike shambani, wajisomee.
Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

Basi la saa tisa likanishusha njia panda.
Fomu nimeifungia mbegu za karanga,
konzi mbili zilizosalia; karatasi ni nzuri, ngumu, haipitishi unyevu.
Jasho nimejifuta kwa kanga.

Sasa nimepanda. Ngazi inalia kipingili cha tatu, kama kawaida.
Sijali amejikunja chini, mguu mbovu juu ya mzima.
Kule kwa Maalimu kuna kijinga cha moto, kule kwa Nkwabi hakuna.
Debe magotini. Nondo mkononi.

Nyenje wamenyamaza.