Kufuli la Tarehe Kumi

Mamangu ameniachia milango kumi na minne
na daftari moja lililovimba kwa jasho la mikono.
Vyumba sita Majengo, vitano Mishomoroni,
vitatu Chaani, nyuma ya gereji ya malori,
ambako kontena likipita
sufuria hujisogeza zenyewe mezani.
Watu huniita mwenye nyumba.
Sikatai.

Chaani kodi huja na bandari.
Meli zikiwa nyingi Kitsao hunilipa alfajiri,
noti zanuka grisi, na chenji hataki.
Tangu reli ianze kubeba mizigo hadi bara
analipa kama anayemlisha kuku:
mia tano leo, mia mbili Ijumaa.
Chumba cha pili ki wazi mwezi wa saba sasa.
Panya amepanga bure.

Mishomoroni watu huhama usiku.
Nafika nakuta mlango umerudishwa taratibu,
sakafu imefagiwa (hata deni lina adabu zake),
umebaki msumari uliokuwa umeshika kalenda.
Huko arubuni nataka ya miezi miwili
na bado nalala jicho moja wazi.

Majengo hahami mtu.
Bi Nyevu yumo chumba cha mbele tangu ning'oke meno ya utoto.
Analipa elfu mbili na mia tano;
ghorofa ya jirani wanatoza elfu saba
kwa chumba ambacho upepo haujakipata anwani.
Nikimwambia kodi imepanda hunitazama miguu:
"Viatu vyako vya kwanza vya chuoni
nilikufunga mimi kamba."
Nafunga daftari. Nanywa chai.

Lakini nyumba ya Majengo haina ardhi.
Kuta ni zetu, chokaa yetu, boriti zetu,
hata ule ufa juu ya mlango wa uani ni wetu.
Kilicho chini ni cha mtu nisiyemjua sura.
Kila mwaka nampelekea karani wake kodi ya ardhi,
ofisi ya feni moja,
naye huandika risiti pasi na kuinua kichwa.

Juzi, tarehe kumi, nilikwenda Mishomoroni
na kufuli jipya mkobani.
Nduku, chumba nambari nne, miezi mitatu.
Wenzangu wana njia zao:
mmoja hung'oa mlango akaondoka nao begani,
mwingine huezua bati mbili juu ya kitanda
akaiachia mvua kazi iliyobaki.
Mimi ni mtu wa kufuli tu.
Nilijiona nina huruma.

Nduku hakuwepo. Mwanawe alikuwa kizingitini,
amempakata mdogo wake.
"Mama amesema ukija uketi."
Akanisogezea ndoo, akaipindua, akaipangusa.
Nikaketi.
Utafungaje mlango uliokukaribisha kiti?

Hapo ndipo simu ikalia. Bi Nyevu:
"Kuna karatasi imebandikwa mlangoni, ina mhuri.
Miwani sina, ila mhuri nauona."

Niliisoma magharibi, kwa taa ya simu.
Ardhi imeuzwa. Siku tisini.
Mwenye kuta na abomoe kuta zake, azichukue.
Azichukue!
Kana kwamba kuta hukunjwa kama mkeka,
zikatiwa kwapani, mtu akavuka barabara.

Wapangaji walikuwa wametoka wote, wameegemea baraza,
hakuna aliyepika.
Nilihisi kufuli mkobani, zito, baridi,
na sikujua tena ni la mlango upi.

Bi Nyevu akaniuliza moja tu:
"Basi mwezi huu nimlipe nani?"
Kabla sijapata neno akafungua pindo la leso,
akahesabu elfu mbili na mia tano,
akanitia kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake.

Nikaandika jina lake.
Nikaandika: imelipwa.
Kwenye safu ya miezi ijayo
kalamu ikasimama.