Karani wa Mizani

Saa nane usiku walimleta kwa pikipiki,
kati ya watu wawili, kama gunia lisiloshonwa mdomo:
Bakiri Nambunga, karani wa mizani, chama cha msingi.
Anacheka. Analia. Kisha ananiomba radhi
kwa niaba ya taa ya ukutani.

Amekula nini?
Mkewe, Asumini, akafungua pindo la kanga:
uyoga uliosalia, kofia rangi ya chai ya maziwa,
na pale kidole changu kilipobana shina
pakavilia buluu, kama jicho lililopigwa ngumi.
Haukutoka kichuguuni tunakochuma siku zote.
Uliota kwenye samadi, walikopita ng'ombe wa wageni,
wiki ya kwanza ya mvua.

Mapigo, mia na kumi.
Mboni pana kama visima vyetu mwezi wa Machi.
Daktari kwenye simu: mlaze pakimya, punguza taa,
usimfunge, kaa naye.
Nikakaa. Baridi ya Newala ikakaa nasi.

Nikueleze nilivyoelewa, mimi muuguzi wa zamu ya usiku.
Ndani ya fuvu mna ghala.
Ulimwengu unafika kwa malori, kila dakika,
na mlangoni kaketi karani mmoja mkali:
hii daraja la kwanza, pita;
hii ya pili, ngoja;
hii ina unyevu, rudi nayo kwenu.
Kwa ukali wake tunaamka, tunafunga vifungo vya shati,
hatuzirai kwa uzuri wa kijiko.
Huyo ndiye anayesema "mimi".
Ameliandika jina lako kwenye jalada
na kutwa analisoma, asije akalisahau.

Uyoga hauleti mzigo mpya.
Hilo ndilo lililonishangaza.
Una ufunguo unaofanana na wa mwenye nyumba,
unaingia, unamgusa karani begani:
nenda kalale.
Basi malori yote yanapita bila kupimwa.
Chumba cha macho kinabisha hodi chumba cha masikio,
majirani wa miaka arobaini wasiowahi kusalimiana.
Ndiyo maana Bakiri aliisikia buluu.
Ndiyo maana chandarua kilipumua.
Ndiyo maana alinishika mkono akauliza,
"Sista, kidole hiki ni cha nani kati yetu?"
nami sikuwa na jibu la haraka.

Usidhani ilikuwa sherehe.
Nusu saa nzima alijikunja chini ya kitanda,
anafutwa, alisema, herufi moja moja,
kama deni kwenye daftari la duka.
Ghala lisilo na karani, nyoka naye huingia.

Kisha, karibu na alfajiri, akatulia
akaanza kutaja magunia.
La Bi Likwata, kilo nne.
La Fundi Chinduli, kilo sita. Mwaka uliofuata, sita tena.
Sauti yake kavu, ya kazini, kalamu ikikosekana tu.
Asumini akainamisha uso; kanga ikawa ndefu mno kukunjwa.
La mjane wa Mkunya, tano.
La Nangumbi, wa Kitangari, saba.

Nangumbi ni baba yangu.
Alikufa akiamini mikorosho yake imezeeka.

Kulipokucha akanywa uji, vikombe viwili,
macho yamerudi kwenye ukubwa wa watu.
Karani alikuwa ameamka, ameketi mlangoni,
ametengeneza kola.
"Sista, usiku nilisema nini?"
Nikatazama dirishani.
"Ulisema chandarua kinapumua."
Akacheka kidogo, kwa aibu, akatafuta viatu.

Kwenye jalada nikaandika:
mgonjwa ametulia, ameruhusiwa saa mbili asubuhi.
Ile saba sikuiandika popote.
Naibeba hadi leo, imepimwa, imeshonwa mdomo.
Karani wangu mimi
usiku ule hakulala.