Irabu za Mchwa

Mlango wa ofisi ya mkonge hapa Pongwe
umeliwa hadi bawaba.
Semhando anapasua kichuguu:
malkia mnene, askari kichwa koleo, vibarua vipofu.
"Herufi zao ni zilezile," anasema,
"wazazi ndio huzitia irabu."

Nikauona ubao wa chuoni, kafu na te:
irabu juu, kata;
irabu chini, kiti.

Babu alikuja manamba kutoka Ungoni. Alikata.
Baba alikata.
Mimi karani, nakaa kitini,
lakini usingizini, mke wangu aniambia,
mkono hukunja vidole
kama ulioshika kisu.

"Je, kwa watu?"
Semhando anarudishia udongo, polepole.
Ukutani kumbikumbi wawili, mbawa wamekwisha kuzing'oa,
wanafuatana, wanatafuta ufa.