Kompyuta Inauliza Mlango

Injini iliingia Jumamosi, kabla ya chai.
Otari akashangilia kama mtu aliyeoza binti:
winchi ya kuazima, jeki mbili, matusi machache,
na Volga ya marehemu baba yake, ya mwaka sabini na nne,
ikakimeza kile chuma cha Kijapani bila kutapika.
"Kesho tunakwenda Kutaisi," akasema.
Nikatazama kicha cha nyaya sakafuni,
kizito kama matumbo ya ng'ombe siku ya sikukuu.
Nunua mkate, nikamwambia. Kesho ni mbali.

Kuna wasemao injini ni moyo wa gari.
Moyo unafungwa kwa boliti.
Mimi Shorena nalipwa kwa ajili ya mishipa.

Volga hii ina nyaya chache, nimezifuata zote:
taa, honi, kipasha joto kisichopasha,
sindano ya chaji inayotetemeka ukikanyaga breki.
Haijui kusema. Inajua kuwaka na kuzimika.
Injini hii imezaliwa ndani ya mazungumzo.

Nilipoipa umeme, pini baada ya pini,
kompyuta yake haikuuliza petroli.
Iliuliza ufunguo. Ule ufunguo wake,
uliobaki mfukoni mwa mtu fulani huko Ohayo
aliyegongwa ubavuni akatoka mzima.
Ikauliza giaboksi: tuko gia ya ngapi?
Ikauliza magurudumu, moja moja.
Ikauliza mlango wa nyuma kushoto, umefungwa?
Mlango! Ulishapondwa, ukayeyushwa,
labda leo ni sufuria.

"Idanganye," akasema Otari.
Nimeyaona magari yaliyodanganywa:
yanatambaa, mizunguko elfu mbili na haivuki,
yanakwenda shingo upande kama mtoto aliyetumwa dukani usiku.
Maswali mengine hujibiwa. Mengine hufutwa.
La ufunguo alilifuta Gela wa ghorofa ya tisa,
kwa lari mia na ishirini na dumu la divai ya mjomba wangu.

Kisha kanyagio. La zamani linavuta kebo;
injini hii haina kebo, inataka kuambiwa.
Vihisi viwili, volti mbili tofauti, habari moja:
vikipishana kidogo tu, kompyuta inakata nguvu.
Nikashika spana ning'oe kanyagio la zamani.
Otari akaniwekea mkono begani.
Mpira wake umelika upande mmoja,
umbo la kiatu cha mtu aliyetembea kwa kisigino.
Sikubishana. Nikachomelea vihisi nyuma yake,
siku nzima, kwa kazi ya saa moja.

Jumatano usiku tukapiga stata.
Ikazunguka, ikazunguka, kimya.
Cheche hakuna. Barafu kwenye dirisha la karakana.
Nikapima pini zote arobaini na nane, nikarudia,
nikalaani Ohayo, nikalaani Gela na divai yake,
mpaka nikapima kile asichopima mtu: waya wa hasi.
Volti moja inapotea njiani, bila mwizi.
Marehemu aliipaka bodi rangi kwa brashi, mwenyewe,
mikono mitatu, minne, penzi lisilopitisha umeme.
Nikakwangua kwa kisu: buluu, chini yake kijivu,
chini yake nyeusi ya kiserikali,
Otari akinusa kila unga unaodondoka,
halafu chuma kitupu, cheupe kama jino.

Iliwaka mara moja.
Hatukusema neno. Jirani wa juu alisema mengi.

Sindano ya mizunguko inatia chumvi:
ilizoea silinda nne, sasa inahesabu sita.
Nitairekebisha nikilipwa.

Na swali la mlango Gela hakuligusa.
Kila asubuhi, Rustavi ikiwa bado giza,
kitaa cha manjano nilichokificha chini ya dashibodi
kinawaka, kinauliza.
Otari anainama, anakijibu kwa mdomo:
"Umefungwa, bwana, umefungwa.
Twende."