Kitanda cha Nne, Kutaisi

Anazinduka akiuliza kama mkate umeungua.
Nazibrola, mwokaji, miaka hamsini na tisa.
Kibofu chake cha nyongo kimo koponi, safarini maabara;
tumboni matundu manne, plasta nne,
na dirishani theluji inashuka
kama unga ambao hakuna aliyeuchekecha.

Halafu anafumba macho. Naujua mfumbo ule.
Mate yanajaa, midomo inapauka,
vidole vinapapasa ukingo wa shuka.
Nawahi na beseni, na kwa mkono wa pili
nakandamiza mto tumboni mwake, mishono isishtuke.
Maji ya kijani. Machozi. Maji tena.
"Samahani," ananiambia, kana kwamba kanivunjia sahani.

Tulijua. Faili lilishasema:
mwanamke, havuti sigara,
basi la Batumi humtapisha tangu utotoni.
Mumewe Tariel, bomba la moshi lenye miguu,
alikatwa ngiri hapa hapa mwaka jana
akaamka akidai maharagwe.
Namkumbusha. Anacheka, na kicheko kinamponza:
beseni tena.

Ondansetroni alipewa angali usingizini.
Basi siirudii. Daktari Ushangi ana usemi wake:
mlango ukigoma usiuvunje mkono, zunguka nyumba.
Nakata shingo ya kichupa kingine,
droperidoli, robo ya mililita,
haijazi hata kizibo,
naisukuma polepole nikihesabu kimoyomoyo.
Tukingoja, kipande cha pamba chenye spiriti puani:
vuta. Kwa pua, mama, si kwa mdomo. Tena.

Dakika ya tano, bado.
Nani ana kahawa humu?
Tsiala anatoka nayo ameificha chini ya koti
kama mwizi wa kuku.

Dakika ya tisa, au ya kumi, sikutazama saa,
vidole vinaliacha shuka.
Rangi inamrudia kuanzia masikioni,
jambo ambalo sijalisoma popote
ila nimeliona mara nyingi.
Analala mdomo wazi, anakoroma,
na mimi naosha beseni,
naligeuza chini juu ya taulo,
lakini siliweki mbali.

Jioni anaomba maji.
Nampa kijiko kimoja tu.
Tunanyamaza sote wawili, tunakisindikiza kikishuka
kama watu waliosimama mlangoni
wakimtazama mtoto anavuka barabara.

Kimevuka.

"Cha pili," anasema.