Kona ya Video

Kutaisi, bweni la pili, jikoni ghorofa ya nne.
Theluji ya Februari imegoma kuyeyuka dirishani
na mkate wa jibini unapoa
kwa kuwa Nutsa bado anaupiga picha.

Lasha akasimama na glasi yake.
Kwetu mtu hanywi kimyakimya kama anayemeza dawa:
husema kwanza, na wengine husikiliza,
hata divai ikiwa ya chupa ya plastiki, ya mjomba wa Badri.
Akasema, "Kwa mama yangu."
Akanyamaza. Akatafuta neno
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Alikuwa akinisubiri kila Ijumaa kituo cha basi.
Ijumaa hii pia nilishuka palepale."

Nakumbuka jokofu likinguruma.
Nakumbuka nikisema "pole", au nikidhani nimesema.

Usiku Nutsa akatuma video kwenye kundi.
Mioyo myekundu ishirini na mitatu,
na jikoni tulikuwa sita.
Mmoja ulikuwa wangu. Niliutuma nimelala.
Tunaishi pua na mdomo, Lasha na mimi,
ukuta mwembamba hata kikohozi chake nakijua.

Nikaitazama tena. Mara ya tatu
nikamwona msichana kwenye kona, karibu na sinki:
kichwa kimeinama, kidevu kimepakwa buluu ya kioo,
kidole gumba kinapandisha, kinapandisha.
Lasha anaposema "nilishuka palepale"
yule msichana anatabasamu.
Si kwake. Kwa paka fulani wa Brazili
aliyeanguka kutoka juu ya kabati.
Sweta ile naijua. Bibi ndiye aliyenifumia.

Nikatoka pekupeku, sakafu ya korido inang'ata.
Mbele ya mlango wake, kwa mazoea, nikaandika:
"Nipo nje. Uko macho?"
Nikafuta.
Nikaandika. Nikafuta.
Ajabu, vidole vinavyojua kila herufi bila kutazama
vilikuwa vimesahau kujikunja ngumi.

Nikabisha hodi. Mara moja, kidogo, kama mwenye deni.

"Nani?"

Sauti nzito, ya usingizi au ya kilio.
Na mimi nimesimama, sina jibu,
maana kwenye simu
jina langu hutangulia lenyewe.